Meno Thelathini na Mbili

Umeniuliza njia ya juu, Yeison. Nitakupa.
Lakini kwanza ipindue baiskeli, magurudumu yatazame mbingu,
nione cheni.

Imelegea. Imekula vumbi la Duitama tangu Krismasi.
Ifute kwa kitambaa kikavu, kisha oili,
tone moja kila pingili,
si kumimina kama mtu anayekaanga samaki.

Nyuma funga gia ya meno thelathini na mbili.
Evelio atacheka, atasema ishirini na tano
zamtosha mwanamume.
Liulize goti lake la kushoto.

Haya, njia. Iache lami penye kiwanda cha maziwa,
shika changarawe, tairi upunguze upepo kidogo.
Mbwa wa Bi Betsabé ana ugomvi na soksi nyeupe:
zivue, au kanyaga.
Darajani kuna supu ya viazi
na mwuzaji asiyejua neno chenji.

Kutoka hapo pumzi ni ya kukopa.
Mimea yenye manyoya, mirefu kuliko wewe,
itakutazama ndani ya ukungu bila kukushangilia.
Evelio mwenyewe hushuka pale,
hujifanya anakagua spoki.

Mwaka jana nami nilizikagua,
zote thelathini na sita, gurudumu la mbele,
halafu la nyuma,
halafu la mbele tena.

Ndipo ukungu ukafunuka.

Nilichokiona
sikwambii.
Kaza breki kabla hujaanza kuteremka.