Mengineyo

Ajenda ya kwanza, choo cha shule: saa nzima.
Ya pili, salfa ya mikorosho, nani kapata, nani kakosa:
nusura tushikane mashati.
Jua limekwisha hama ukuta wa ghala,
watu wanakung'uta kanga na mikeka,
ndipo mtendaji akasoma, mbiombio, kama anayemeza kidonge:
"Mengineyo. Sheria ndogo ya msitu. Wanaokubali?"

Msitu mzima,
mipingo, chemchemi, bonde tulilochimba ming'oko mwaka wa njaa,
umelazwa chini ya neno moja
pamoja na mbuzi aliyepotea.

Mimi ndiye mwandishi wa kikao.
Nimeandika mara ngapi "wajumbe kwa kauli moja waliridhia"
na kauli yenyewe sikuisikia.
Mwaka juzi mahudhurio yalikuwa mia mbili na kumi na nne;
wa tisini na tisa, Mchopa Nalinga,
alikuwa kaburini tangu Ramadhani.
Saini yake ilipendeza.
Alipokuwa hai alitia dole gumba.

Somoe Mnonjela hakukung'uta kanga.
"Isome."
"Ni ndefu, mama, imeandikwa kisheria."
"Isome na urefu wake. Hata kuni nazifuata mbali."

Tukaketi tena.
Kifungu cha tisa: akataye fito bila kibali, faini elfu hamsini.
Kifungu cha kumi: mwenye leseni ya magogo akizidisha,
atashauriwa.

Atashauriwa!
Neno likazunguka ghalani kama nyuki asiye na pa kutua.
Tulicheka. Kisha hatukucheka.

"Aliyeandika ni mwanasheria wa wilaya," mtendaji akasema.
"Naye hukata fito?"

Hatukuafikiana yote. Wachoma mkaa walitoka wamenuna,
na wana watoto kama sisi;
nikawaandika waliokataa, thelathini na mmoja, kwa majina.
Giza likaingia. Mtu akanimulikia simu.
Nikapiga mstari juu ya "atashauriwa",
nikaandika "atalipa",
nikasoma kwa sauti, nikahesabu mikono
mmoja mmoja, hata yenye vumbi la salfa.

Nakala moja ilipanda pikipiki kwenda Liwale.
Jibu, bado.
Nyingine iko mlangoni mwa ghala, kona imebanduka,
mbuzi (alipatikana) ameitafuna kidogo.
Kila nipitapo nasimama, natafuta jina la Mchopa Nalinga.
Halipo.