Kilichomo Pindoni

Hapa pindoni bibi alifunga senti,
mama alifunga ufunguo wa kabati la vyombo.
Mimi nafunga kadi.

Si kubwa, ni kama tiketi ya basi la Lushoto,
imepigwa lamineti Barabara ya Kumi na Mbili
na kijana wa fotokopi aliyeisoma yote kwanza,
midomo ikimcheza,
kisha akanitazama tumboni.

Sikudhani Mbwana Shembilu. Damu, kundi O.
Tumbo limekatwa, limebaki kama yai,
likaungwa na utumbo kwa njia nyingine.
Asitiwe mpira wa puani kwa kubahatisha.
Asipewe diklofenaki, brufeni, wala aspirini.
Akilia tumbo, msimwambie ni gesi:
mpigieni daktari, namba iko nyuma.

Hiyo ya gesi niliiongeza mwenyewe.

Kadi ya kwanza, niliyotoka nayo Dar, ilikuwa Kiingereza kitupu.
Niliitia kwenye bahasha, bahasha chini ya godoro,
nikarudi Ngamiani na mwili unaoyeyuka.
Mtaa ukanipa maradhi matatu bila kunipima.
Huyu kaanza dozi.
Huyu sukari imemla.
Huyu karogwa na mke mwenza. Mke mwenza sina.
Niliwaacha. Ilikuwa nafuu kuitwa mgonjwa
kuliko kusema niliuza kiwanja cha Pongwe
nipunguziwe tumbo.

Basi, harusi ya Zulekha, Makorora.
Glasi moja ya sharubati, kwa heshima ya mama mtu,
sukari yake ungesimamisha kijiko.
Robo saa haikupita: jasho, turubai likizunguka,
moyo ukatoka mbio kama mtu aliyesahau chungu jikoni.
Nikaenda chini na kanga zangu mpya.

Mleteeni soda!
Si hiyo, ya baridi!
Mmoja kashika kipande cha halua, mwingine vidonge,
wote kwa huruma, wallahi kwa huruma,
nami ulimi umekuwa gogo,
siwezi kuwaambia kuwa ni tamu hiyo hiyo iliyoniangusha.
Soda ilinimwagikia shingoni, haikufika mdomoni.
Kilichoniokoa ni mikono ya Bi Mwanamvua,
inavyotetemeka.

Bombo, nafumbua macho, nesi ameshika mpira.
Nikatikisa kidole, hapana, hapana.
Akauweka chini. Akanifungua pindo akitafuta jina langu,
akakuta elfu mbili za kumtunza bibi harusi.
Mama, akasema,
hata dawa ya panya ina karatasi yake ndani.

Mwajabu, binti wa kaka yangu, ndiye aliyeigeuza Kiswahili.
Tulizozana saa nzima juu ya neno kubahatisha.
Alipomaliza akasoma maandishi ya kanga niliyojifunga:
YA NDANI YANGU SI YA SOKO.
Akacheka mpaka akakaa.
Shangazi, kanga inasema lake, kadi inasema lake,
tushike lipi?

Nikisimama, nikamwambia, soma kanga.
Nikianguka, fungua pindo.

Akajaribu papo hapo. Fundo likamshinda.
Tangu siku hiyo nalifunga legelege,
na mara mbili kadi imedondoka sokoni Mgandini,
mara mbili imerudi.
Wa pili kuirudisha alikuwa muuza dagaa.
Hakusema kitu. Aliifuta magamba kwa kiganja,
akanipa,
kisha akanipimia nusu kopo,
na mimi sikuwa nimeomba nusu.