Sehemu ya Kumi ya Haragwe

Bibi hakujua kusoma. Alijua kuhesabu.
Alfajiri alitoka Goma na kikapu kichwani,
akakata njia penye mawe meusi yaliyotapikwa na mlima,
akafika Kisenyi, kambini kwa Wadachi,
akauza ndizi mbivu, akauza pombe ya mtama,
akarudi jioni na kikapu kitupu,
isipokuwa konzi la maharagwe chini kabisa.
Nani amkague mwanamke kwa konzi la maharagwe?

Haragwe jekundu: askari kumi.
Jeupe: Mzungu mmoja, awe na darubini au asiwe nayo.
Mbegu ya boga ni bombom,
ile inayotema risasi kama kigugumizi aliyekasirika.
Punje ya hindi ni mtumbwi uliofungwa ufukoni.
Mzinga hakuupa mbegu. Ulikuwa mmoja tu.
Huo, alisema, nitaubeba mdomoni.

Upande wetu, nyuma ya ukuta wa mawe,
luteni wa Kibeleji alimwaga kikapu mezani,
akalipanga jeshi zima kwa ncha ya kalamu,
wekundu huku, weupe kule,
na Kalumuna, mkalimani, akainama:
Mama, hili limemeguka. Ni askari watano?
Limemeguka tu, bibi akajibu.
Andika kumi.

Walimlipa chumvi. Siku nyingine amerikani, pima moja.
Siku nyingine waliambiana kwa lugha yao
na hakulipwa kitu.

Kule kambini kulikuwa na Songoro, mtu wa Unyanyembe,
jino la mbele pengo, mdomo hauna kifuniko.
Ndiye aliyemwambia bila kuulizwa, akimenya ndizi,
kwamba kampuni moja imeondoka usiku, kimya, bila tarumbeta,
na mahema yake yameachwa yamesimama,
na kila jioni moto unawashwa mbele ya kila hema tupu
ili wajinga wa ng'ambo wahesabu moshi.
Akacheka. Bibi naye akacheka.
Hema lako je, lina mtu?
Langu lina mimi, akasema, lile la mwisho, karibu na mto.

Njiani bibi akatoa maharagwe kumi na sita,
akayatupa ziwani, moja moja.
Yalizama bila kelele. Ziwa Kivu halina mamba;
halina wa kumsimulia.
Halafu akakaa juu ya jiwe, na jiwe lilikuwa bado na joto la mchana,
akashika haragwe moja jekundu
akatafuta ndani yake mtu mmoja.

Mzungu alikuwa na haragwe lake peke yake.
Songoro alikuwa sehemu ya kumi.
Bibi akalitia jinoni, akamega kidogo,
kiasi cha mtu mwenye pengo,
akakimeza.

Basi ndilo lile. Lile lililoulizwa mezani.
Na luteni akaandika kumi,
akachora mahema yenye watu, akachora mto,
na kabla jogoo hajawika mara ya pili
mizinga ya upande wetu ilijua pa kuanzia.

Aliniambia haya akiwa mzee, akichambua maharagwe kwenye ungo,
ya njano. Nyumbani kwetu tulikula ya njano tu.
Sisi watoto tulidhani ni tumbo lake,
kwamba mekundu yanamletea gesi.
Sikumwuliza kama alirudi Kisenyi kutazama.
Alikuwa amenyamaza, na mikono yake ilikuwa
inaendelea kutupa mawe upande mmoja, maganda upande mwingine.

Sasa usiku, Goma hii hii, malori yanapita
bila taa, sijui ya nani, sijui yanakwenda wapi.
Nimelala. Sitaki kujua.
Lakini kidole gumba changu, chini ya blanketi,
kinagusa kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu,
na kila nikifika kumi
ulimi wangu unatafuta kitu kati ya meno.