Kiyoyozi cha Isyonje

Miaka sita nimelinda mnara huu,
miaka sita sikujiuliza swali moja.
Isyonje, mwezi wa saba, saa kumi za usiku,
maji ya ndoo yameota ngozi,
sakitu imelala juu ya majani ya viazi,
mimi ndani ya makoti mawili,
na ndani ya kile kibanda cha bati
kiyoyozi kinanguruma, kinaipoza mitambo.

Jenereta linakula dizeli
ili kiyoyozi kitengeneze baridi.
Baridi. Isyonje.

Aliyeuona upuuzi huo ni Tumpale, fundi kutoka mjini,
alfajiri, kipimajoto mkononi.
Akapima nje: nne.
Akapima ndani: kumi na nane.
Akacheka hadi akashika ukuta.
"Mzee Ambwene, huku ni kuwauzia samaki maji."

Sikucheka. Nilihesabu madumu.
Madumu tisa kwa juma, begani, kutoka barabarani
gari linapogoma kwenye tope;
mengine yakipungua njiani,
na yalikopungua najua, nawe usiniulize.

Akatoboa ukuta pande mbili, akaweka wavu wa kuzuia panya,
akauacha upepo wa Uporoto ufanye kazi bila mshahara.
Kisha zikaja paneli, na betri nyeusi, nzito kama ndama.
Jenereta likavikwa turubai.

Makao makuu waliandika tani,
tani za moshi ambao haukutoka.
Sijui moshi ambao haukutoka wanaupimaje.
Mimi najua pareto ya Mama Sekela, pale chini ya bomba,
mwaka huu imechanua nyeupe,
siyo ile rangi ya shati la makanika.

Lakini nikuambie na hili, maana ripotini hamna:
bomba lile nilichomea viazi.
Nilikaushia koti.
Ukungu ulipotanda siku tatu mfululizo
nilikaa nikitazama namba za betri zikishuka,
hamsini na moja, thelathini na nane, ishirini na sita,
kiganja changu juu ya turubai,
na moyo, Mungu anisamehe,
ukiomba zishuke zaidi.

Siku ya nne, saa tano, jua likachungulia.
Namba zikageuka.

Hadi leo saa nane za usiku naamka,
wakati ule wa kumimina.
Mkono unatafuta dumu gizani, unakuta hewa.
Nasikia mfereji. Nasikia ng'ombe wa jirani akicheua.
Juu, taa nyekundu inawaka, inazima,
na mtu fulani Tukuyu, asiyelala kama mimi,
anabishana na mtu fulani
bei ya mkungu wa ndizi.