Kisigino

Mzee Lokwang alinifundisha kupima ardhi kwa kisigino.
Kanyaga, geuza, inua mguu, tazama.
Kikiacha mkwaruzo, ndege itatua.
Kikiacha kikombe, itatua na itabaki.
Kikiacha kikombe chenye maji,
usiongee na mimi, ongea na redio.

Kuuita "kiwanja" ni heshima tu.
Ni mita mia saba za nyasi na changarawe
nje ya Kaabong, Morungole ikitutazama,
mawe ya kando yamepakwa chokaa,
gunia la unga limeshonwa mithili ya soksi
lituambie upepo umelalia wapi.

Kila alfajiri napita na jembe, nasoma habari za usiku.
Mhanga amechimba: alikuwa akitafuta mchwa, hana kosa.
Mchwa wameinua kichuguu: nao wanajenga kwao.
Lakini gurudumu la mbele haliulizi nia ya mtu.
Shimo la kina cha kiganja
linatosha kuvunja mguu wa ndege,
na nyasi zikishafika gotini
huficha jiwe, huficha ndama aliyelala.

Juni ile mvua ilinyesha siku nne.
Napeyok alikuwa na uchungu tangu juzi,
barabara imekatwa na mto,
muuguzi Akidi ananitazama miguu, hanitazami uso.
Juu, Kapteni Byamugisha anazunguka, anazunguka,
sauti yake kwenye redio ya taratibu kama ya mtu anayehesabu mafuta:
"Niambie ukweli, si unachotaka."

Nikakanyaga. Nikageuza.
Kikombe.
Hatua ishirini mbele, kikombe.
Huku juu kwenye changarawe, mkwaruzo.
Nikarudi nikihesabu kwa sauti,
watoto wakihesabu nyuma yangu, wakikosea:
mita mia tatu na themanini za ukweli,
zilizobaki ni udongo mweusi, umejipaka nyasi usoni.

Nikasimama pale udongo unapoanza kudanganya.
Nikavua shuka langu jekundu, nikalitandaza kifuani.
Nikasema, "Nione mimi. Usinifikie."

Alipita mara moja chini kabisa, mbuzi wakatawanyika.
Mara ya pili aligusa mapema, kwenye jiwe la kwanza,
mkia ukayumba, matope yakaruka kama kuku,
pua ikaja, ikaja,
nikaona matone ya mvua kwenye kioo
na nyuma ya kioo midomo iliyobana.
Ikasimama. Hatua kumi na moja.
Nilizipima baadaye, magoti yaliporudi.

Kutua ni nusu ya deni.
Ili iondoke tulishusha viti, masanduku, pipa la maji,
na Akidi mwenyewe, aliyebaki akilia kwa hasira.
Wanaume sita waliisukuma hadi ukingoni kabisa.
Sikutazama. Nilisikiliza tu
mpaka kelele za magurudumu zilipokatika.

Kisha nikachukua jembe.
Jua likiwahi kukausha zile alama
zitakuwa ngumu kama saruji,
na atakayetua wiki ijayo hatajua kisa chake.
Nikafukia mpaka giza.

Napeyok alirudi Agosti, kwa lori,
mtoto mgongoni, vumbi hadi kwenye kope.
Alinikuta kazini. Hakusema ahsante.
Alivua kandambili, akaingia kati ya chokaa na chokaa,
akakanyaga, akageuza,
akainua mguu, akainama kutazama.

"Hapa," akasema, "bado."