Undugu Hauna Chenji

Gari iliniacha chini, pale lami inapokata tamaa.
Kutoka hapo ni miguu: kilima cha Ukutini,
chekundu kama ulimi wa mla tambuu,
mvua ya jana imekichora vifereji,
na kando ya njia makonyo yameanikwa juu ya majamvi,
harufu yake yakupanda puani
kabla hujaomba ruhusa ya kupumua.

Gulio ni la Jumatano, asubuhi hadi adhuhuri.
Nilidhani huku juu nitakuta vya kale tu.
Nikakuta ndoo za plastiki, kandambili za Kichina,
betri, sabuni ya mche iliyokatwa kwa uzi.
Halafu, nyuma ya wauza muhogo,
upande ambao jua hufika mwisho,
Wamakonde.

Watu huwataja kwa kunyoosha kidevu:
"Wale. Wa kule mwisho."
Miaka sabini wapo kilimani hapa.
Waliletwa kufyeka, wakabaki kuchuma,
wakazaa, wakazika,
na bado ni wale.

Lusia Mandanda amekalia kinu,
jambo ambalo kwetu mtoto hukanywa.
Mbele yake michi, pawa,
na mbuzi za kukunia nazi zimepangwa safu
kama zinamsubiri imamu.
Rozari yake ilichungulia chini ya kanga;
akairudisha ndani kwa kidole, bila haraka,
kama mtu anayefunga kifungo.

"Wataka n'ni, mwanangu?"
"Mbuzi."
"Ya kukunia au ya kutundika?
Watu wa mjini hutundika."
Nikaona haya. Ukuta niliokusudia
uko Chake, mweupe, juu ya televisheni.

Sikumwambia hilo. Nikamwambia jingine
ambalo wala sikupanda nalo kilima:
kwamba bibi yangu mzaa mama,
Bi Mize kwa watu wa mtaani,
alikuwa Namtema kabla ya kuwa Mize;
shavuni ana mistari, pembe juu ya pembe,
na mdomo wa juu una kitundu
alichokiziba kwa ncha ya kanga
kila mgeni alipobisha hodi.
Mama alitukataza kuuliza.
Tuliuliza mara moja. Tukala kofi.
Neno moja tu lilidondoka kwake likanifikia: ndonya.
Sina jingine. Nimelibeba miaka arobaini
kama ufunguo wa nyumba iliyokwisha bomolewa.

Akanitazama taya, kisha mikono.
"Ukoo gani?"
"Sijui."
"Kijiji?"
"Sijui."
"Ng'ambo ya Ruvuma, au upande huu?"
Muuza muhogo ameacha kupima, anasikiliza.
Sijui, nikasema mara ya tatu,
sauti imekuwa ndogo kama senti.

Nikaokota mbuzi ya mwisho wa safu.
Chini ya kikalio, mistari: pembe juu ya pembe.
Moyo ukaruka.
"Na hizi? Si chale hizi?"
Akaipindua, akaikazia macho,
akacheka mpaka akajishika mbavu.
"Hapo msumeno ulinitoroka.
Mwanangu aliniita chai."

Elfu kumi na tano.
Nikasema kumi; kwani sisi si ndugu sasa?
"Undugu hauna chenji," akasema,
"na mti siuokoti."

Nikatoa zote.
Akaiviringisha katika gazeti,
kisha akavunja muhogo wake wa kuchoma,
akachovya chumvi na pilipili,
akanipa kipande kikubwa
bila kunitazama.
Tukala. Hakuna aliyesema kitu.
Muuza muhogo akarudi kwenye mizani yake.

Kuteremka ni kugumu kuliko kupanda.
Udongo wateleza, jino la mbuzi limetoboa gazeti,
lanidona ubavuni kila hatua,
na pilipili bado yawaka mdomoni,
mdomo wa juu, hasa hapo katikati.

Njiani nilinunua nazi mbili.