Upande B, Dakika ya Thelathini na Moja

Kaseti ilikuja ndani ya kopo la maziwa ya unga,
imeviringishwa kitambaa kama yai linalosafiri.
Mama Nankafu alipanda nalo ngazi zote za Kadutu,
mvua ikimfuata nyuma, na kiti nilichompa
akakitazama tu.
"Fundi, mimi sitaki arusi. Arusi ya kaka niliiona.
Kuna mahali humo dada yangu ananiita. Nitafutie."

Mahali gani, mama?

"Ningejua, ningekuja kwako?"

Basi nikaanza na biki,
ile ile ninayoandikia madeni ya watu,
nikazungusha tundu la kushoto hadi utepe ukakaza.
Kile kisponji cha kuukandamiza kilikuwa kimebanduka;
nikakata kingine kwenye kofia ya sufu ya baba,
kipande cha ukubwa wa punje ya mchele.
Kichwa cha redio nikakipangusa kwa spiriti.
Kikatoa kutu ya rangi ya chai.

Watu hudhani kompyuta hunywa kaseti kwa mkupuo mmoja.
Hapana. Kaseti ya dakika tisini hutaka dakika tisini.
Haina njia ya mkato, haipokei hongo.
Mashine inasikiliza, nami nasikiliza,
na aliyekufa anaongea kwa mwendo wake.

(Pale kwenye rafu kuna santuri za baa moja ya Essence
iliyofungwa, sitini na tatu,
nne zimepinda kwa jua kama chapati.
Naziosha kwa maji vuguvugu na tone la sabuni,
koga inashuka kijivu ndani ya beseni.
Zitangoja. Sindano imebaki moja,
na mwenye baa amelipa nusu kwa pesa, nusu kwa maneno.)

Upande A: padri. Kwaya. Magari yakipiga honi.
Mtu anahesabu kreti za bia kwa Kimashi,
anafika kumi na tisa, anapotea, anaanza upya.
Mara mbili SNEL ilikata,
mara mbili nilirudi kwa padri yule yule
na nukta yake ndefu kabla ya "amina".

Kompyuta ikaniuliza: niondoe kelele?
Kelele ipi? Mafuta yanayokaanga sambaza?
Bati chini ya mvua ya mwaka ule?
Mtoto anayelilia kiatu kimoja?
Nikabonyeza hapana. Haikuwa hekima.
Niliogopa tu.

Upande B, kwaya imechoka,
mtu amesahau redio kwenye dirisha la jikoni.
Sufuria. Sufuria. Kicheko cha mbali. Halafu:

"Nankafu! Chumvi iko wapi?"

Na msichana, kwa ukali wa anayeitwa mara ya tatu:

"Ndani ya kitunga! Fungua macho!"

Sekunde nne. Nikazikata, nikazipa jina,
faili nyepesi kuliko picha ya risiti.
Sikuzicheza tena. Hazikuwa zangu.

Jumamosi akarudi. Bado hakuketi.
Nikazituma kwenye simu yake, akaiweka sikioni
kama anayepokea habari kutoka Kindu,
kidole cha mkono wa pili kikiziba sikio jingine,
kwa sababu nje walikuwa wanapakua makaa.

Chumvi iko wapi?

Kabla msichana hajajibu, akajibu yeye,
polepole, akiutazama ukuta wangu wa nyaya:
"Ndani ya kitunga, dada."
Hakusema fungua macho.

Halafu akauliza bei, akashangaa,
akapunguza, nikapunguza, akalipa.
Akashuka ngazi akishikilia ukingo.
Kaseti aliichukua, kopo aliliacha.
Nimelijaza skrubu.